Kutoka Kampala hadi mnara wa taa wa Chumbe

Ndugu, umeuliza kama familia yako inaweza kupanda mnara wa taa Zanzibar, na mwanze wapi. Nendeni kwenye mnara wa kisiwa cha Chumbe, uliojengwa mwaka 1904. Ule wa Nungwi, kaskazini mwa Unguja, ni mkongwe zaidi, lakini huo mtautazama kwa nje tu.

Anzeni na chanjo ya homa ya manjano. Kadi huanza kutumika siku 10 baada ya sindano, kwa hiyo ukichanjwa siku mbili kabla ya safari, utapata taabu mpakani au uwanja wa ndege. Kitambulisho cha taifa hakitoshi kuingia Tanzania. Kila mtu awe na pasipoti, hata mtoto.

Chumbe ni hifadhi, na wageni wa siku moja hupokelewa nafasi ikibaki tu. Wekeni nafasi mapema, kisha muulize tena siku moja kabla. Boti huondoka Mbweni, kusini mwa mji wa Zanzibar. Epukeni masika, Machi hadi Mei, bahari huchafuka.

Mnarani kuna vidato 130 hivi, ngazi inazunguka ndani na ni nyembamba. Simu iingie mfukoni, mkono mmoja ubaki huru kushika. Wakati wa kupanda mtoto mdogo atangulie, mtu mzima nyuma yake; wakati wa kushuka mtu mzima ndiye atangulie, maana hapo ndipo mguu huteleza. Msivae ndala: mawe ya matumbawe kisiwani yana ncha kali kama wembe. Mafuta ya kujikinga na jua yaacheni, huweza kudhuru matumbawe. Vaeni fulana ya mikono mirefu.