Usiiamini mashine iliyojenga kifurushi chako

Kifurushi changu cha Python kina kipande kilichoandikwa kwa C. Kwangu kilijengeka vizuri na majaribio yote yakapita, hadi mtumiaji mmoja aliponiandikia kwamba kwake programu inakufa papo hapo anapokiita. Siku mbili nzima nikaikagua C mstari kwa mstari. Wapi! Mchawi alikuwa kwenye skripti ya kujengea: nilikuwa nimeiacha humo kwa kusahau -march=native, ambayo huiruhusu kompaila (programu inayogeuza C kuwa amri za mashine) kutumia kila amri inayofahamika na prosesa ya mashine inayojenga. Yangu ilikuwa na AVX2 (kundi la amri za kukokotoa namba nyingi kwa mpigo), yake haikuwa nayo.

Tangu siku hiyo kila faili la .whl (kifurushi kilichokwisha kujengwa, tayari kusakinishwa) nalijaribu kwenye mazingira matupu, yasiyo na kompaila wala maktaba nilizolimbikiza kwa miaka. Na kwanza natoka kwenye folda ya mradi. Usipotoka, Python inaweza kuchukua msimbo uliopo hapo badala ya ule uliosakinisha, ukabaki unashangilia jaribio ambalo halikujaribu kitu. Ukiuweka msimbo ndani ya folda ya src, mtego huo unateguka.

Kwenye Linux shida ni glibc, maktaba ya msingi ya C: kilichojengwa juu ya toleo jipya mara nyingi hakiwaki kwenye la zamani. Jengea ndani ya kontena la manylinux, lenye glibc ya zamani kwa makusudi (manylinux2014 inalenga glibc 2.17), kisha zana ya auditwheel itapakia ndani ya .whl maktaba za nje zinazohitajika. Alpine, aina ndogo ya Linux, hutumia musl badala ya glibc, kwa hiyo inataka faili lake la musllinux. Kwenye macOS, delocate hufanya kazi kama ya auditwheel.

Windows ndiyo iliyonitesa zaidi, kwa sababu haikulalamika. Aina ya long katika C ina biti 64 kwenye Linux ya biti 64, lakini kwenye Windows ya biti 64 inabaki na 32. Namba zangu kubwa zilikuwa zikikatwa kimyakimya. Nikahamia int64_t, ambayo ina biti 64 kila mahali, nikaongeza jaribio lenye namba inayozidi 2,147,483,647.

Skripti yenyewe ilikuwa imejaa "kama ni Windows, fanya hivi" zisizo na mwisho. Python 3.12 ilipotoka mwaka 2023 bila distutils, zana yake ya zamani ya kujengea vifurushi, nililazimika kuifumua. Sasa mipangilio iko kwenye pyproject.toml, zana ya cibuildwheel inajenga na kujaribu kwenye mifumo yote, na kila mstari wa ziada una maelezo ya hitilafu iliyouleta. Usio na maelezo naufuta, halafu nasubiri nione nani atalia.