Riba "isiyobadilika": ni nini kisichobadilika?

SWALI: Mimi ni katibu wa kikundi cha akina mama wauza mbogamboga, Morogoro. Tumeletewa mkataba wa mkopo wenye maneno "riba isiyobadilika ya asilimia 5 kwa mwezi". Nimeelewa kwamba hawataipandisha riba katikati. Mweka hazina wetu anasema hapo ndipo tunapoumizwa. Nani yuko sahihi? Tena, mwenzetu mmoja anataka tuandike "faida" badala ya "riba". Inafaa?

JIBU: Dada katibu, nyote wawili mmesoma Kiswahili sawasawa, aliyekosea ni mwandishi wa mkataba. "Isiyobadilika" inaweza kuhusu kiwango: asilimia 5 itabaki 5 hadi mwisho. Inaweza pia kuhusu kiasi cha fedha: kila mwezi mtalipa riba ileile hata kama deni limeshuka. Maafisa mikopo wengi hukusudia maana hii ya pili, na ndiyo inayomtia wasiwasi mweka hazina.

Chukua mkopo wa shilingi 600,000 kwa miezi 6, ambao kila mwezi unapunguza deni kwa 100,000. Riba ikipigwa kwenye mkopo wa awali ni 30,000 kila mwezi, jumla 180,000. Ikipigwa kwenye salio la deni, mwezi wa kwanza ni 30,000, wa pili 25,000, wa tatu 20,000, inashuka hivyo hadi 5,000 mwezi wa sita, jumla 105,000. Zimepishana kwa 75,000, na mikataba yote miwili inaweza kusema "asilimia 5 kwa mwezi". Katika ule wa kwanza, mama aliyebakiza deni la 100,000 tu bado analipishwa riba inayopigwa kwenye 600,000. Kwa mtu anayeuza mchicha kwa fungu, hilo si jambo dogo.

Asilimia lazima iwe ya kitu fulani. "Kwa mwezi" inajibu swali la muda. Haijibu swali la "ya nini". Ombeni kifungu kiandikwe hivi: "Kila mwezi mkopaji atalipa riba ya asilimia 5 ya salio la deni." Kama si salio, basi kisomeke "asilimia 5 ya mkopo wote wa awali", ili anayeweka dole gumba ajue anachokikubali. Wapo wanaotafuta jina fupi la kila aina ya riba. Mimi napendelea maelezo marefu yanayoeleweka kwenye kikao cha kikundi.

Kagueni pia kitenzi "kukatwa". Mkataba ukisema "mkopaji atakatwa ada ya fomu na bima", ulizeni: atakatwa lini, na kutoka wapi? Makato ya 30,000 yakitolewa siku ya kupokea, mkononi inafika 570,000, lakini riba bado inapigwa kwenye 600,000. Ada hizo haziitwi riba, na ndiyo maana afisa anaweza kusema riba ni ndogo huku mkopo wenyewe ni ghali. Daini hesabu mbili, zikiandikwa kwa shilingi: fedha mtakazopokea mkononi, na jumla ya marejesho yote. Faini ya kuchelewesha rejesho iwe na kifungu chake, isichanganywe na ada.

Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 iliwaweka wakopeshaji wasiopokea amana (akiba za wateja) katika daraja la pili, chini ya usimamizi wa Benki Kuu. Kwa hiyo kabla ya kutia sahihi ulizeni leseni, na msione haya. Mikopo ya riba kubwa inayoitwa mtaani "kausha damu" hupita mahali ambapo watu wanaona aibu kuuliza.

Kuhusu "faida": namwelewa mwenzenu, hasa kama ni Mwislamu, kwa kuwa Kurani imehalalisha biashara na kuharamisha riba. Neno hilo linafaa pale mkopeshaji anaponunua bidhaa na kuwauzia kwa bei ya juu mliyokubaliana, kama benki za Kiislamu zinavyofanya katika murabaha. Lakini kwenu zinatolewa fedha taslimu na zinarudi fedha zaidi. Hiyo ni riba. Mkiiandika "faida", mwanachama anaweza kudhani inamrudia yeye.