Barua kwa mwanangu: upanga alioutaja Yesu

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeipata, nimeisoma na kuirudia. Unauliza: kama Yesu ni Mfalme wa Amani, kwa nini alisema, "Msidhani ya kuwa nalikuja kuleta amani duniani, la! Sikuja kuleta amani, bali upanga"? Tena, ingawa swali umelizungusha, unataka kujua kama ulikuwa mtii au mkaidi ulipokataa kutia saini ile karatasi ya mirathi uliyojua ina uongo. Tangu siku hiyo baba yako mdogo hapokei simu zako, na binamu zako wanakupita kama hawakujui.

Nianze na upanga wenyewe. Aliyesema maneno hayo ndiye aliyemwambia mfuasi wake kule Gethsemane, "Rudisha upanga wako mahali pake." Hakuwapa wanafunzi wake upanga wa kushika. Katika sura hiyohiyo ya 10 ya Mathayo anawatuma kama kondoo kati ya mbwa-mwitu. Upanga anaoutaja utawapata wao, na anawaambia mapema wasije wakadhani wamepotea njia siku watakapokataliwa nyumbani. Yeye mwenyewe yalimkuta. Marko anaeleza jinsi jamaa zake walivyotoka kwenda kumkamata wakisema amerukwa na akili, na Yohana anasema hata ndugu zake hawakumwamini.

Sasa soma mstari unaofuata, anaposema amekuja kuwafitini mtu na babaye, binti na mamaye, mkwe na mkwewe. Ni maneno ya nabii Mika. Mimi mzazi nimetajwa humo, mwanangu. Tumezoea kuusoma mstari huu kama mtihani wa vijana, na sisi wazazi tunajiweka kando. Lakini Bwana anaendelea: "Apendaye baba au mama kuliko mimi, hanistahili, wala apendaye mwana au binti kuliko mimi, hanistahili." Upanga huu unakata pande zote mbili. Wewe hutakiwi kuniweka mahali pa Mungu, nami sitakiwi kupadai.

Ndiyo maana namfikiria sana baba yake Perpetua. Perpetua alikuwa mama kijana, ana mtoto anayenyonya, akafungwa huko Karthago, mji wa kale wa Afrika Kaskazini, kwa sababu ya imani yake, akauawa mwaka 203. Gerezani aliandika mwenyewe yaliyompata. Baba yake alipokuja kumsihi, Perpetua alimwonyesha chombo kilichokuwapo hapo, akamuuliza kama kinaweza kuitwa kwa jina lingine tofauti na kilivyo. Baba akasema hapana. Basi nami, akasema, siwezi kujiita kingine ila Mkristo. Mzee alirudi tena, akambusu mikono, akajitupa miguuni pake, akawa hamwiti tena binti bali bibi, kama mtu anavyomwita bibi mkubwa wa heshima. Na baba huyo alipopigwa fimbo kwa amri ya liwali, Perpetua aliumia kana kwamba amepigwa yeye. Hakumdharau hata kidogo, ila hakurudi nyuma.

Hapo naona utii ulivyo. Anayemfuata Kristo huumia kwa ajili ya wale wanaomkataa. Ukiona mtu ametengana na nduguze na moyoni anashangilia, mwogope, hata kama ana aya mdomoni. Wako watu wanaougeuza mstari huu kuwa kibali cha kuwatupa wazazi wao. Yesu aliwakemea waliotangaza mali yao kuwa Korbani, yaani sadaka iliyowekwa kwa Mungu, ili wasimsaidie baba wala mama, na yeye mwenyewe akiwa msalabani alimtafutia mama yake mahali pa kukaa.

Kwa hiyo kuhusu karatasi: ulifanya sawa. Ungesaini, wangenyang'anywa watu wasio na wa kuwasemea, na amani ambayo tungeipata mezani wangeilipia wao. Amani ya namna hiyo Kristo hakuja kuileta. Baba yako mdogo ni ndugu yangu wa tumbo moja, na kununa kwake kunaniuma kuliko ninavyoweza kuandika. Alinitaka nikushawishi ubadili msimamo. Nimemwambia sitafanya hivyo, naye ameondoka bila kuaga.

Swali lako la mwisho ni kama yatakwisha. Sijaahidiwa, nami sitakuahidi. Najua tu kwamba wale ndugu wa Yesu waliokuwa hawamwamini tunawakuta katika Matendo sura ya 1 wakisali pamoja na mama yake na wanafunzi. Paulo naye aliandika, "Kama yamkini, kwa upande wenu, mkae katika amani na watu wote." Kwa upande wako, basi, usiache kumpigia baba yako mdogo. Asipopokea, mwachie ujumbe wa salamu. Usiitaje karatasi, wala usimwandikie mstari wa Biblia. Mwulize habari za mgongo wake, maana bado unamsumbua. Na mkewe akijifungua, nenda ukawaone, hata kama utaishia mlangoni.

Ni mimi baba yako