Acha kuunganisha njia za faili kwa mkono

Niliwahi kuandika programu ya kutoa ripoti za kila mwezi. Niliitengeneza kwenye Windows na ikafanya kazi vizuri kwa miezi. Siku tulipoihamishia kwenye seva ya Linux, folda ya ripoti ikabaki tupu, wala hakukuwa na ujumbe wa kosa hata mmoja. Nilihangaika nusu siku nikikagua ruhusa za folda. Kumbe faili zilikuwepo, zimelala nje ya folda, na moja ilikuwa ikiitwa `ripoti\januari.csv`. Hayo yote yalikuwa jina la faili moja! Kwenye Linux mkwaju wa nyuma (`\`), ambao Windows huutumia kutenganisha folda, ni herufi halali ndani ya jina, kwa hiyo mfumo ulitii kile hasa nilichoandika.

Ndiyo maana nasisitiza: usijenge njia ya faili (maandishi yanayoonyesha faili iko wapi) kwa kuunganisha vipande vya maandishi na kubandika mkwaju katikati. Kwenye lugha ya Python tumia maktaba ya `pathlib`, iliyokuja na toleo 3.4, ukiandika `Path("ripoti") / jina`, mkwaju sahihi utawekwa kwa ajili yako. Node ina `path.join`, Java ina `Path.of`. Ila angalia jambo moja: katika Python, ukiunganisha njia na kipande kinachoanza na `/`, vyote vilivyotangulia hutupwa. Jina likitoka kwa mtumiaji, likague kwanza.

Mkwaju, hata hivyo, si tatizo kubwa kuliko yote. Kwangu mimi herufi kubwa na ndogo zimenisumbua zaidi. Faili inaitwa `Nembo.png`, msimbo unaomba `nembo.png`. Windows itaifungua, na macOS kwa mpangilio wake wa kawaida itaifungua pia. Linux itasema haipo. Ukibadilisha ukubwa wa herufi tu kwenye Windows au macOS, Git (programu ya kutunza matoleo ya msimbo) inaweza isione mabadiliko yoyote; tumia `git mv`. Mimi niliamua majina yote yawe ya herufi ndogo, na sijajuta.

Windows nayo ina masharti yake. Haikubali `:` wala `?` kwenye jina, kwa hiyo faili haiwezi kupewa jina lenye saa kama `10:30`. Majina kama `CON` na `NUL` yana wenyewe: mfumo umeyatenga kwa matumizi yake. Njia ndefu kupita herufi 260 bado huziangusha programu nyingi.

Unapohifadhi njia kwenye hifadhidata au faili ya mipangilio, iandike kuanzia folda ya mradi, kwa mkwaju wa kawaida (`/`). Windows huuelewa mara nyingi, na `as_posix()` ya `pathlib` itakusaidia kuugeuza. Usihifadhi kamwe `C:\Users` na jina lako.

Siku hizi majaribio yangu huendeshwa kwenye Linux na Windows kila ninapobadilisha msimbo, na folda ya majaribio nimeipa jina lenye nafasi katikati. Nafasi hiyo moja imeshanifichulia hitilafu ambazo nisingeziona kwenye kompyuta yangu.