Mume wangu amepungua tumbo kwa chai ya kusafisha mwili. Niwape na watoto?

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu. Mume wangu ana miaka 46, ana kitambi, na mwezi uliopita presha yake ilisoma 148/94. Nilimnunulia chai ya kusafisha mwili kwa dada mmoja wa kwenye kundi letu la WhatsApp. Anakunywa kila usiku, hii ni wiki ya pili. Tumbo limepungua na mizani inaonyesha ameshuka kilo tatu, ila anaamka usiku kwenda chooni na asubuhi analalamika miguu imelegea. Muuzaji anasema hiyo ni sumu inatoka. Ananishauri niwape na watoto (miaka 8 na 12) nusu kikombe kila Jumamosi, maana nao wamekuwa wazito, wakitoka shule ni simu na chipsi. Tunataka familia nzima iwe na utaratibu wa afya. Picha ya pakiti nimeambatanisha. Mama wa wawili, Kimara.

JIBU: Usiwape, mama. Na baba yao aache leo hii.

Ile picha nimeikuza. Mbele kuna majani ya kijani, kiuno cha mwanamke mwembamba na maneno makubwa ya kusafisha mwili. Ubavuni, kwa herufi za kutafuta kwa miwani, kiambato cha kwanza ni sanamaki. Namba ya usajili hakuna, jina la mtengenezaji hakuna, kuna namba ya simu tu. Sanamaki bibi zetu waliijua: ni dawa ya kuendesha. Hata hospitali huitumia kwa mtu aliyefunga choo, kwa kipimo na kwa siku chache. Aliyekuuzia ameibadilisha jina na kupandisha bei.

Ikifika kwenye utumbo mpana, bakteria wa humo huigeuza kuwa kemikali inayouchokoza ukuta wa utumbo. Utumbo unajikamua, na maji ambayo yangefyonzwa yarudi mwilini yanatoka na choo. Nimesema utumbo mpana makusudi. Mafuta ya chipsi na wanga wa ugali hufyonzwa kabla ya hapo, kwenye utumbo mwembamba. Chai inapoanza fujo zake, chakula cha jioni kimeshaingia kwenye damu zamani.

Kwa hiyo zile kilo tatu ni maji na choo. Kilo moja ya mafuta ya mwilini imebeba takribani kilokalori 7,700, na mwanamume wa makamo hutumia kama 2,500 kwa siku. Ili achome kilo tatu za mafuta peke yake angekaa zaidi ya siku tisa bila kutia kitu mdomoni. Na wewe hujaniambia kwamba ameacha kula. Na kulegea miguu, mtu anayeharisha hupoteza madini pamoja na maji, hasa potasiamu, na misuli bila potasiamu ya kutosha hulegea. Moyo nao ni msuli.

Sasa tuje kwenye hiyo sumu, maana hakuna wiki inayopita bila kuletewa habari zake. Wauzaji ukiwauliza ni sumu gani, inaitwaje, inapimwa kwa kipimo kipi, wanakimbilia kulaumu vyakula vya kisasa. Ini lako linafanya kazi ya kuvunja vitu vyenye madhara usiku na mchana bila kutumwa na mtu. Figo za mtu mzima huchuja takribani lita 180 za maji ya damu kwa siku, zikarudisha karibu yote, zikaacha kama lita moja na nusu ya mkojo. Kinachozisaidia ni maji, na ndicho hasa mumeo anachokimwaga chooni saa tisa usiku.

Halafu kuna zile picha za utando mrefu mweusi, eti uchafu wa miaka kumi uliogandana tumboni. Ngozi ya ndani ya utumbo hujibadilisha kila baada ya siku chache, hakuna kitu kinachokaa hapo miaka kumi. Madaktari wanaoingiza kamera utumbo mpana kila siku ya kazi hawaukuti huo ugandano. Kinachopigwa picha mara nyingi ni ute wa utumbo wenyewe uliochokozwa, au nyuzinyuzi zinazovimba ambazo mteja amekunywa ndani ya dawa hiyohiyo. Yaani anauziwa kamasi, kisha anaonyeshwa kamasi.

Kwa watoto sina mzaha. Mwili wa mtoto wa miaka minane ni mdogo, na maji anayopoteza kwa kuharisha asubuhi moja yanamfikisha pabaya haraka kuliko baba yake. Sisi tunahangaika kila masika kuwaambia wazazi wawe na ORS nyumbani kwa ajili ya kuhara, halafu mtu anauza kuhara kwa nusu kikombe kila Jumamosi!

Ulichokitaka kwa familia yako ni kizuri, na dawa haihitajiki. Watoto wa umri huo wanapaswa kupata wastani wa dakika 60 kwa siku za kuchangamsha mwili kiasi cha kuhema. Shirika la Afya Duniani linasema hivyo tangu 2020. Zinapatikana uani kwako. Jumamosi hiyo ya chai chukueni soksi zilizochakaa, mfunge mpira, mcheze rede ya kujaza mchanga kwenye chupa. Baba akae katikati. Mtu wa miaka 46 anayechota mchanga kwa mikono huku watoto wake wawili wanamlenga kwa mpira kutoka pande zote mbili hatahitaji kuambiwa atoe jasho. Aanze taratibu, apumzike akichoka. Siku za kazi, tembeeni wote baada ya chakula cha usiku, hata kama ni kwenda mpaka kituoni na kurudi, simu zikibaki nyumbani, ya kwako ikiwemo.

Mezani, soda iwe ya sherehe. Chupa moja ya mililita 350 ina sukari kama vijiko vinane vya chai au zaidi, wakati ushauri mzuri kwa mtu mzima ni visizidi sita hivi kwa siku, pamoja na ya kwenye chai. Juisi ya kusaga nayo ihesabu hivyohivyo. Mtoto apewe embe alitafune. Nusu ya sahani iwe mboga: matembele, mchicha, kisamvu, chochote kilicho rahisi genge la karibu. Watoto waende gengeni wakachague wenyewe, utaona wanavyokila walichokibeba. Kwa presha ya mzee, chumvi ya siku nzima isivuke kijiko kimoja cha chai, na vile vidonge vya kuongeza ladha kwenye mchuzi ni chumvi pia.

Hayo yatachukua miezi, si wiki mbili. Ndiyo maana hayauziki WhatsApp.

Ninachowaogopea zaidi ni wasomaji wengine ambao hawajaniandikia. Mtu anakunywa vidonge vya presha vya kumfanya akojoe, anaongeza chai ya aina hii. Potasiamu inashuka kwa njia mbili kwa mpigo na mapigo ya moyo yanaweza kuvurugika. Mwingine anaharisha, maji yanapungua mwilini, kipimo cha presha kinasoma chini, anaambiwa amepona, anaacha dawa. Mwenye kisukari anaacha sindano kwa sababu mwili umeshasafishwa. Mjamzito anapewa ili mtoto azaliwe safi. Tiba asili ina baraza lake la kisheria nchini na dawa zina mamlaka ya kuzisajili. Anayekuuzia kitu cha kunywa bila usajili, akakuambia kila dalili mbaya ni ushahidi kwamba kinafanya kazi, huyo amejipangia asishindwe kamwe: ukipona ni yeye, ukizidiwa ni sumu inatoka.

Mumeo akiacha, choo kinaweza kuwa kizito kwa siku kadhaa kwa sababu utumbo umezoea kusukumwa. Asishtuke akarudia chai. Papai, maharage, maji ya kutosha na kutembea vitamrudisha. Mizani itapanda kidogo, ni yale maji yanarudi. Ila kwa kuwa miguu imeshalegea, aende kituo cha afya wiki hii apimwe potasiamu na figo, na presha irudiwe kupimwa, maana 148/94 ya mwezi jana bado inamsubiri. Akihisi moyo unakwenda mbio ovyo, kizunguzungu au kuzimia, msisubiri kupambazuke. Pakiti usiitupe, nendeni nayo daktari aisome.