Django: kupata SQL ya majedwali kutoka kwenye modeli

Mkuu, umeuliza utapataje SQL ya majedwali kutoka kwenye modeli za Django (fremu ya Python ya kutengenezea tovuti; modeli ni darasa la Python linaloeleza jedwali). Kama modeli umeshaandika, makemigrations (amri inayoandika faili za migrations, yaani hatua za kubadilisha majedwali) inajibu "No changes detected" na Postgres, hifadhidata yako, haina jedwali hata moja, usikimbilie kuandika CREATE TABLE kwa mkono. Hakikisha kwanza app (sehemu ya mradi yenye modeli hizo) imo kwenye INSTALLED_APPS, orodha iliyo ndani ya settings.py. Kisha tazama kama ina folda ya migrations. Kama haina, itaje app kwa jina (hapa ni duka):

python manage.py makemigrations duka
python manage.py sqlmigrate duka 0001
python manage.py migrate duka

Hiyo ya pili ndiyo unayoulizia: inakuonyesha SQL ya migration ya kwanza (0001) bila kuiendesha. Ya tatu ndiyo inayoiendesha. Maelekezo yanayotaja syncdb au sqlall yapite tu, amri hizo ziliondolewa kwenye toleo la 1.9.

Kinachowachanganya wengi: makemigrations haikagui majedwali yaliyopo. Inalinganisha modeli na faili za migrations, basi. Ukifuta jedwali kwa mkono Django haina habari, maana django_migrations (jedwali ambamo Django inaandika migrations zilizokwisha endeshwa) bado inaonyesha 0001 imeshapita, na migrate itakwambia hakuna cha kufanya. Kama ni mashine ya majaribio na majedwali yote ya app hiyo yamekwisha futwa, endesha migrate duka zero --fake, halafu migrate duka. Kwenye seva yenye data za watu usithubutu.

Sasa isome hiyo SQL. Modeli Bidhaa ndani ya duka inazaa duka_bidhaa. DecimalField(max_digits=10, decimal_places=2) inakuwa numeric(10, 2). ForeignKey (kiungo cha kwenda jedwali jingine) uliyoiita muuzaji inakuwa safu (column) muuzaji_id, na indeksi yake inakuja bila kuombwa. Usishangae kukosa DEFAULT (thamani ya kuanzia): default= inafanya kazi upande wa Python tu, kwa hiyo skripti nyingine inayoingiza data moja kwa moja haitaiona. Ukitaka thamani hiyo ikae kwenye hifadhidata yenyewe kuna db_default, kuanzia Django 5.0. on_delete=models.CASCADE nayo ni hivyo hivyo, Django ndiyo inayofuta watoto, yaani rekodi zinazoelekeza kwa mzazi aliyefutwa. Ukifuta mzazi mwenye watoto kwa DELETE ndani ya psql (programu ya kuandikia Postgres amri moja kwa moja), Postgres itagoma.

Pa kuogopa ni kubadilisha jina la safu. makemigrations itauliza kama bei imekuwa bei_rejareja, na jibu la kawaida ukibonyeza Enter tu ni N. Hapo inaandika RemoveField na AddField, na bei zote zinaondoka na safu ya zamani. Ukiona DROP COLUMN kwenye sqlmigrate ambayo hukuikusudia, futa faili hiyo kabla ya migrate, rudia, ujibu y.

Kwa wa MySQL: migration ikikwama katikati, zile ALTER TABLE zilizokwisha pita hazirudi nyuma kama kwenye Postgres. Itabidi uzitengue mwenyewe, moja moja, ndipo uendeshe tena.