Maswali na Majibu: Kinachocheza Chini ya Mbavu za Kulia

Safari hii nimekusanya maswali yanayogusa sehemu moja tu ya mwili, yaani chini ya mbavu za upande wa kulia, mahali ambapo kila anayehisi jambo asilolielewa huwaza ini kwanza. Nimeyafupisha bila kubadili maana.

Kwa miezi 5 sasa ninahisi kitu kikichezacheza chini ya mbavu za kulia, kama samaki anayejipindua kikapuni. Hakiumi. Huja nikiwa nimeketi, hukaa dakika chache, kisha hutoweka. Nimepimwa damu na altrasaundi mara mbili na majibu ni mazuri. Ini langu lina nini? (Mwanamume wa miaka 34, Mombasa)

Kwa maelezo yako, sidhani kwamba ni ini. Ini la mtu mzima lina uzito wa takriban kilo 1.5, halina misuli ya kulikunja wala nafasi ya kujigeuza, na mwendo wake ni ule wa kupanda na kushuka pamoja na kiwambo, yaani msuli mpana unaotenganisha kifua na tumbo, kila unapovuta pumzi. Wanaoweza kucheza ni majirani zake. Wa kwanza ni utumbo mpana, ambao hupinda kona chini ya ini, na gesi inapopita katika kona hiyo mtu huweza kuhisi kitu kikijiviringisha. Wa pili ni misuli ya ukuta wa tumbo na ile iliyo kati ya mbavu, ambayo hutetemeka yenyewe kama kope la jicho linavyocheza kwa mtu aliyekosa usingizi au aliyezidisha kahawa.

Wa tatu ni kiwambo chenyewe, na hapa nitakueleza kisa kimoja cha kweli. Mwaka 1723, Antonie van Leeuwenhoek wa Delft, Uholanzi, yule aliyekuwa miongoni mwa watu wa kwanza kuona vijidudu kwa hadubini, aliiandikia Royal Society, chama cha wanasayansi cha London, akieleza mpapatiko wa ajabu uliokuwa ukimjia chini ya kifua. Tabibu wake aliona kuwa ni moyo. Yeye, akiwa na miaka 90, alishikilia kuwa ni kiwambo. Hali hiyo, ambayo ni adimu sana, hadi leo huitwa ugonjwa wa Leeuwenhoek. Sisemi kwamba unao. Ninachokipenda katika kisa hicho ni kwamba mgonjwa alieleza alichokihisi kwa makini, mara ngapi na kwa muda gani, badala ya kukazania jina la ugonjwa.

Nawe fanya hivyo kwa wiki 3: andika saa, chakula ulichokula, jinsi ulivyokaa, na kama hali hubadilika ukisimama au ukibana pumzi. Mtetemo ukionekana kwa macho juu ya ngozi, mwombe mtu aurekodi kwa simu, kwa sababu picha ya sekunde 20 humsaidia daktari kuliko altrasaundi ya tatu.

Shikamoo daktari. Mimi hupata kichomi kikali upande wa kulia, hasa usiku nikiwa nimekula pilau au chipsi, na maumivu hupanda hadi bega la kulia. Kwa miaka 2 nimekuwa nikipewa dawa za vidonda vya tumbo bila kupimwa. Je, ini huuma? (Mwanamke wa miaka 43, Dodoma)

Marahaba. Nyama ya ini haina neva za maumivu. Kinachouma ni utando mwembamba unaolizunguka, pale ini linapovimba na kuuvuta. Ndiyo maana ini linaweza kuharibika kwa miaka mingi bila mwenyewe kujua, na ndiyo maana pia maumivu yanayokuja kwa vipindi vikali na kupotea kabisa mara nyingi hayatokani na ini.

Maumivu yako yana sura ya mawe kwenye mfuko wa nyongo. Chakula chenye mafuta huufanya mfuko huo ujikaze ili kumwaga nyongo. Jiwe likiziba mlango wake, maumivu huanza, huongezeka, hudumu kwa nusu saa hadi saa kadhaa, kisha huachia. Ama bega, halina kosa lolote: neva inayohudumia kiwambo hutoka shingoni, jirani na zile za bega, na ubongo hushindwa kupambanua habari imetoka wapi. Omba altrasaundi ya tumbo, ukiwa umefunga kula kwa saa 6 au zaidi ili mfuko wa nyongo uonekane vizuri. Ninasikitika kwamba umemeza dawa kwa miaka 2 bila kipimo hata kimoja. "Vidonda vya tumbo" limekuwa jina la kila kinachouma kati ya kifua na kitovu. Maumivu yakija pamoja na homa, au macho yakigeuka manjano, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Mahali panaponiuma naweza kupaonyesha kwa kidole kimoja. Je, hilo lina maana yoyote? (Msomaji, Nairobi)

Lina maana kubwa. Viungo vya ndani huuma kwa kutanda, na mgonjwa huonyesha kwa kiganja kizima. Lala chali, bonyeza hapo panapouma, kisha inua kichwa na mabega bila kuondoa kidole. Maumivu yakiongezeka au yakibaki vilevile, shuku ukuta wa tumbo, yaani misuli, neva iliyobanwa au ncha ya ubavu. Yakipungua, chanzo huenda kiko ndani, kwa maana misuli iliyokaza imekikinga. Daktari mpasuaji wa Marekani, Carnett, alieleza njia hii mwaka 1926, na bado haijahitaji umeme wala bei. Tazama ngozi pia: mkanda wa jeshi huweza kuchoma siku kadhaa kabla malengelenge hayajatokea. Majibu ya jaribio hili mpelekee daktari. Yasiwe sababu ya kubaki nyumbani.

Nilikulia Ukerewe nikiogelea ziwani kila siku. Sasa ninahisi uzito chini ya mbavu pande zote mbili, lakini vipimo vya damu vya ini ni vya kawaida. Basi nitulie? (Mwanamume wa miaka 29, Mwanza)

Usitulie bado. Msomaji wa Mombasa nilimpunguzia vipimo; wewe ninakuongezea, kwa sababu historia yako ni nyingine. Minyoo ya kichocho cha tumbo, ambayo mtu huweza kuipata akiogelea ziwani, huishi katika mishipa ya damu ya utumbo, na mayai yake huchukuliwa na damu hadi kwenye ini, ambako husababisha makovu kandokando ya mshipa mkuu unaoingia humo. Seli za ini zenyewe huweza kubaki salama, kwa hiyo vimeng'enya vinavyopimwa katika damu havipandi, ilhali damu inayokosa njia hurudi nyuma, bandama huvimba upande wa kushoto, na mishipa ya koo la chakula hutuna hadi kupasuka. Wapo wanaojua kuwa ni wagonjwa siku ya kwanza wanapotapika damu.

Mweleze daktari waziwazi kwamba umekulia kando ya ziwa, uombe kipimo cha choo na altrasaundi ya ini na bandama. Prazikwanteli, ambayo hutolewa kwa kadiri ya uzito wa mwili, huua minyoo, na kadiri inavyotolewa mapema ndivyo makovu yanavyokuwa na nafasi ya kupungua. Choo kikiwa cheusi kama lami, usisubiri miadi.

Nilikwenda kuchangia damu nikaambiwa nina homa ya ini B. Sihisi lolote. Je, wamekosea? (Msomaji, Morogoro)

Kutohisi lolote ndiyo hali ya kawaida ya wenye virusi hivyo. Rudia kipimo baada ya miezi 6. Vikiwa bado vipo, maambukizi ni ya kudumu, nawe utahitaji kupimwa wingi wa virusi na hali ya ini ili ijulikane kama utaanza dawa sasa au utafuatiliwa. Mwenzi wako na watoto wapimwe, na wasio na maambukizi wala kinga wapate chanjo. Sahani na vikombe msitenganishe, kwa kuwa haviambukizi.

Kuna dawa ya kusafisha ini inauzwa kwa chupa. Ninunue? (Msomaji, Tanga)

Hapana. Ini ndilo linalosafisha, na baadhi ya mitishamba hiyo imewahi kuliharibu.

Madaktari 3 wameniambia ni mawazo tu. Maneno hayo yamenikata maini. Nifanye nini? (Mwanamke wa miaka 38, Kisumu)

Umetumia msemo unaofaa kabisa, maana Waswahili tangu zamani waliweka uchungu wa moyo kwenye maini. Wasiwasi hauzui hisia kutoka hewani. Huongeza sauti ya ile iliyopo, hivi kwamba mchezo wa utumbo ambao mwingine asingeutambua wewe unakuamsha usiku. Kwa hiyo hisia yako ni ya kweli hata kama ini ni zima. Chagua daktari mmoja ubaki naye, mpelekee majibu yote ya zamani ili asianze upya, na umwulize maswali 2: ni magonjwa gani ambayo vipimo hivi vimekwisha kuyaondoa, na ni dalili gani ikitokea nirudi kabla ya miadi. Asipotaja kupungua uzito, homa, macho ya manjano, mkojo wenye rangi ya chai ya rangi, choo cheupe na tumbo kujaa maji, mtajie wewe, na uombe muagane na tarehe ya kurudi iliyoandikwa kwenye kadi.